Lawama ya Barabarani Huandikwa Wodini

Ipogolo ni mahali ambapo safari mbili zisizofanana hukutana. Moja ni ya malori na mabasi ya barabara kuu ya TANZAM, yatokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya, Tunduma na nchi za jirani. Nyingine ni ya wakazi wa Iringa wenyewe, wanaoshuka mlima kutoka mjini na kuupanda tena kwa daladala, bajaji, bodaboda na miguu. Dereva wa lori huenda ameacha nyuma yake kilomita 500. Kijana wa bodaboda amewasha pikipiki dakika tano zilizopita. Vyombo vyao vinapogongana, kila mmoja huwa na hakika kwamba mwenzake ndiye aliyeingia njia isiyo yake.

Mabishano huanza kabla vumbi halijatulia. Waendesha bodaboda husimama upande wa mwenzao hata kama hakuna aliyeliona tukio. Dereva wa lori, akihofia kupigwa, hukimbilia kituo cha polisi, na kukimbia kwake huhesabiwa na waliobaki kuwa ni kukiri kosa. Abiria aliyekuwa nyuma ya pikipiki, ambaye hakuendesha chochote wala hakumkosea mtu, amelala kando ya lami mguu ukiwa umepinda. Yeye haulizwi kitu. Baada ya muda hupakiwa katika gari la msamaria na kupandishwa mlima kwenda hospitali, na katika fikra za wengi habari ya nani mwenye makosa hubaki kule chini, mikononi mwa askari wa usalama barabarani.

Fikra hiyo inaweza kumgharimu majeruhi haki yake. Ubishi juu ya ajali hauamuliwi na sauti zilizopazwa barabarani, bali na karatasi. Na kwa upande wa aliyeumia, karatasi zenye uzito mkubwa huandikwa na tabibu, muuguzi na mtunza kumbukumbu za wagonjwa, watu ambao mara nyingi hujiona hawahusiki kabisa na ugomvi huo.

Anayedai fidia sharti athibitishe kwamba upande wa pili ulikuwa mzembe, kwamba uzembe huo ndio uliomdhuru, na kwamba madhara yenyewe ni ya kiasi fulani. La kwanza huchunguzwa na polisi kwa mchoro wa eneo la ajali, maelezo ya mashahidi na ukaguzi wa magari. Mawili yaliyosalia hukaa hospitalini. Hata lile la kwanza hupata msaada kutoka humo, kwa sababu mwili wa majeruhi nao ni sehemu ya eneo la ajali, na ndiyo sehemu pekee inayoondolewa pale na kupelekwa mbali kabla askari hajafika na utepe wake wa kupimia.

Faili lililoandikwa "ajali ya barabarani, mguu umevunjika, amefungwa POP" linatosha kwa matibabu ya siku ile. Miezi minane baadaye, mbele ya hakimu, halisemi lolote. Mguu upi? Umevunjika sehemu gani, kidonda kilikuwa mbele au nyuma, na urefu gani kutoka kisiginoni? Mtembea kwa miguu aliyegongwa na bampa la gari dogo na yule aliyegongwa na lori hawaumii mahali pamoja. Abiria wa pikipiki aliyegongwa kutoka nyuma ana alama tofauti na yule ambaye pikipiki yake iliingia ubavuni mwa gari. Tabibu aliyepima na kuandika majeraha hayo siku ya kwanza ameacha ushahidi ambao hakuna shahidi wa barabarani awezaye kuutoa, kwa sababu wiki sita baadaye kidonda kimefunga na kovu halisimulii tena lilikotoka.

Hata hivyo kuna mpaka ambao haufai kuvukwa. Tabibu hakuwapo Ipogolo. Akiandika "aligongwa na lori lililokuwa likienda kasi kizembe", ametoa hukumu asiyoweza kuitetea, na wakili wa upande wa pili atamkamata hapo hapo kisha aitilie shaka ripoti yote. Akiandika "majeruhi anasema alikuwa abiria wa pikipiki, amevaa kofia ngumu, na kwamba waligongwa kutoka nyuma saa 1 jioni", ameandika alichosikia, kutoka kwa nani, na alichoambiwa kuhusu saa ya tukio. Akiongeza alichokiona kwa macho yake na saa aliyompokea mgonjwa, kazi yake imekamilika. Kama aliyeleta maelezo ni msamaria kwa kuwa majeruhi alikuwa hajitambui, hilo nalo liandikwe, kwani maneno ya msamaria yasije yakawa kinywani mwa mgonjwa ambaye hakuyasema.

Neno moja linastahili tahadhari kuliko mengine yote, nalo ni "amelewa". Mtu aliyeumia kichwa hupepesuka, husema maneno yasiyoeleweka, hutapika na kuwa mkali kwa wanaomhudumia. Mwenye sukari iliyoshuka hufanya vivyo hivyo. Harufu ya pombe kwenye nguo yaweza kuwa ya chupa iliyovunjika ndani ya basi. Sheria ya Tanzania hupima ulevi wa dereva kwa kiasi cha kilevi katika damu, na kikomo cha kawaida ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Haupimi kwa pua ya aliye zamu. Kwa hiyo kinachopaswa kuandikwa ni "ananuka pombe" pale inaponuka kweli, pamoja na kiwango cha fahamu, hali ya mboni za macho na sukari iliyopimwa. Damu inapochukuliwa kwa ajili ya kipimo hicho, ngozi isisafishwe kwa spiriti, maana spiriti yenyewe ni kilevi na matokeo yatabishaniwa. Neno "amelewa", lililoandikwa kwa haraka usiku wa manane, limo faili zima, na likishasomwa mahakamani ni vigumu kulifuta.

Kisha kuna PF3, fomu ya polisi ambayo kila mtu huijua kwa jina na wachache huijua kwa kazi yake. Si kibali cha kutibiwa. Majeruhi anayevuja damu hutibiwa kwanza, na fomu hufuata. Kazi yake ni kupeleka kwa polisi, na hatimaye mahakamani, kile ambacho tabibu amekikuta mwilini na maoni yake kuhusu uzito wa madhara. PF3 isiyosomeka, isiyo na jina la aliyeijaza, au iliyojazwa na mtu aliyehamishwa kituo bila kumbukumbu ya alikokwenda, huweza kumfanya mgonjwa ashindwe katika dai ambalo kila aliyeona ajali alijua ni la haki. Ni ajabu kidogo kwamba hospitali zinazojaza daftari la dawa kwa uangalifu hadi kidonge cha mwisho hupitisha fomu hii kama mzigo wa ziada. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na afya ya mguu ni mali.

Kwa upande wa mgonjwa, hatari kubwa ni haraka ya kumalizana. Siku ya pili au ya tatu mwenye gari hufika wodini na matunda, pole na bahasha. Pengine ana nia njema kabisa, na fedha ya haraka inahitajika nyumbani. Shida ni karatasi iliyo ndani ya bahasha, inayosema kwamba majeruhi amelipwa na hana dai lolote, sasa wala baadaye. Wakati huo hakuna ajuaye madhara ni kiasi gani. Mfupa wa paja huchukua miezi kuunga, na baadhi haiungi bila upasuaji wa pili. Aliyegongwa kichwa akasimama na kusema "niko salama" aweza kuwa na damu inayovuja polepole chini ya utando wa ubongo, hasa akiwa mzee, na dalili zikatokea wiki kadhaa baadaye: kuumwa kichwa, kusahau, mkono mmoja kulegea. Ulemavu wa kudumu hupimwa pale uponaji unapofikia mwisho wake. Kupokea nauli, chakula au gharama za dawa hakumzuii mtu kudai, mradi asitie saini kwamba madai yote yamekwisha, na kila kilichopokelewa kiandikwe ni cha nini. Kampuni ya bima nayo, inapolipa, humtaka anayelipwa asaini hati ya kufunga madai. Hati hiyo ni ya kusomwa na mtu anayeielewa kabla kalamu haijaguswa.

Dereva pia ni binadamu anayeweza kuonewa, na mara nyingi yeye mwenyewe ni majeruhi. Akifikishwa mahakamani kwa kosa la kuendesha kwa uzembe na kusababisha majeraha, huambiwa na marafiki kwamba njia fupi ni kukiri, kulipa faini na kurudi kazini. Wasichomwambia ni kwamba, kwa Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, hukumu ya mwisho ya jinai huchukuliwa kuwa uthibitisho wa kosa hilo hata katika shauri la madai litakalofuata. Aliyekiri ili aishinde siku moja huenda ameifunga milango ya kujitetea katika dai la mamilioni. Kama anaamini mchoro wa polisi umekosewa, pahali pa kusema ni mapema: kwa askari mchoraji akiwa bado eneo la tukio, kwa mkuu wa usalama barabarani wa mkoa kwa barua, na mahakamani kwa kukana shtaka na kuleta mashahidi wake.

Kwa majeruhi, mambo ni kinyume chake kwa namna inayofariji. Polisi wasipomshtaki mtu yeyote, dai lake halijafa. Kesi ya jinai hudai uthibitisho usioacha shaka ya msingi. Shauri la madai huamuliwa kwa mizani ya uwezekano, yaani upande upi una uzito zaidi. Mahakama pia si lazima iuweke mzigo wote upande mmoja. Yaweza kusema lori lilikuwa na makosa zaidi na pikipiki kidogo, ikagawa lawama hiyo. Kwa abiria wa nyuma mgawanyo huo wa madereva haumpunguzii kitu, ila aweza kupunguziwa kwa kosa lake mwenyewe, kama la kukataa kofia aliyopewa. Ndiyo maana maneno "amevaa kofia ngumu" katika faili la siku ya kwanza yana thamani ya fedha.

Fedha zenyewe hutoka wapi? Si lazima zitoke mfukoni mwa dereva, ambaye mara nyingi hana kitu. Mwajiri wake au mmiliki wa gari huwajibika kwa uzembe uliofanywa katika kazi aliyomtuma. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, hulazimisha kila chombo kiwe na bima ya mtu wa tatu, na humtaka mtoa bima alipe hukumu inayohusu madhara ambayo bima hiyo inayakinga, mradi ameshapewa taarifa ya shauri kwa wakati. Uhai wa bima ya gari huweza kuhakikiwa katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwa kutumia namba ya usajili. Hivyo ndugu anayemsindikiza majeruhi atafanya jambo la maana kuliko kugombana akipiga picha ya namba za magari yote mawili na stika zake kabla hayajaondolewa. Mgogoro na kampuni ya bima huweza kupelekwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima bila kuanza na mahakama. Aliyeumia akiwa kazini, awe utingo wa lori au muuguzi aliyekuwa ndani ya gari la wagonjwa akisindikiza rufaa, ana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao haumtaki athibitishe uzembe wa mtu yeyote. Kinachotakiwa ni taarifa ya ajali na, kwa mara nyingine, ripoti ya daktari. Wahudumu wa afya wengi huwaelekeza wagonjwa huko ilhali wao wenyewe, wakiumia, husahau kudai.

Familia ya aliyefariki nayo ina dai, chini ya sheria inayohusu ajali zenye vifo, Sura ya 310, kwa ajili ya waliokuwa wakimtegemea. Muda wa kufungua shauri la uzembe kwa aliyejeruhiwa ni miaka 3 chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89. Miaka 3 husikika kuwa mingi kwa mtu mzima aliye mzima. Kwa aliyelala miezi 6, akajifunza kutembea kwa magongo miezi mingine 6, kisha akaanza kutafuta faili ambalo halionekani, ni michache mno.

Kuna nyakati ambapo mwenye makosa si dereva yeyote kati ya wawili. Tarehe 11 Machi 2015, katika barabara hiyo hiyo kusini mwa Iringa, eneo la Changarawe karibu na Mafinga, basi lililotoka Mbeya na lori lililobeba kontena viligongana, na kontena likaliangukia basi. Waliokufa walikuwa zaidi ya 40. Katika mjadala wa chanzo, pamoja na mwendo wa magari, lilitajwa shimo lililokuwa barabarani. Ubishi wa namna hiyo humgusa mtunza barabara, na mtunza barabara kuu ni chombo cha serikali. Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura ya 5, humtaka mdai atoe notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri. Shimo lenyewe huzibwa kabla siku hizo hazijaanza kuhesabiwa, na picha iliyopigwa siku ya ajali ndiyo hubaki kuwa shimo pekee ambalo mahakama itaweza kuliona.

Yapo mataifa yaliyochoshwa na ubishi huu. New Zealand tangu mwaka 1974 humfidia aliyeumia kwa ajali bila kumuuliza nani alikosea, na kwa malipo hayo ikaondoa haki ya kumshtaki mtu kwa kuumizwa mwili. Namibia, iliyo karibu zaidi na hali za hapa, ina mfuko wa ajali za magari unaochangiwa kupitia tozo ya mafuta, ambao humhudumia majeruhi bila kungoja lawama iamuliwe. Tanzania tayari imekubali wazo hilo kwa wafanyakazi kupitia mfuko wao wa fidia. Hakuna sababu ya kimsingi kwa nini utingo aliyeumia Ipogolo apate huduma bila kuthibitisha uzembe, na mama muuza mboga aliyegongwa na lori lile lile angoje mahakama. Wapo wanaohofia kwamba mfuko wa namna hiyo utawafanya madereva wasijali. Hofu hiyo haina uzito, kwani adhabu ya dereva mzembe ni kazi ya kesi ya jinai, nayo ingebaki palepale.

Mpaka sheria ibadilike, lililo ndani ya uwezo wa hospitali ni dogo na linawezekana. Mwongozo wa ukurasa mmoja uwekwe chumba cha dharura, ukionyesha mambo ya kuandika kwa kila majeruhi wa barabarani. Mtunza kumbukumbu ayatenge mafaili ya ajali na kuyahifadhi kwa muda usiopungua ule wa ukomo wa madai. Taarifa za mgonjwa zisitolewe kwa mwakala wa bima wala kwa dalali wa fidia anayezunguka wodini, isipokuwa kwa ridhaa ya mgonjwa au amri halali. Ofisa ustawi wa jamii awe na orodha ya wasaidizi wa kisheria wa mkoa waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, kwa kuwa mgonjwa anayeambiwa tu "tafuta wakili" mara nyingi hurudi nyumbani akakaa kimya. Na siku ya kuruhusiwa, nakala ya PF3, muhtasari wa matibabu, picha za eksirei, risiti zote na tarehe ya kurudi kliniki ziwekwe ndani ya bahasha moja, akabidhiwe mgonjwa mwenyewe mkononi kabla hajashuka mlima kurudi Ipogolo.